Miche Michanga ya Mchicha: Namna ya Kuivuna, Kuiandaa na Kuila

Mtu aliyekulia Dar es Salaam hahitaji kufundishwa mchicha. Fungu lake liko kwenye kila genge, wauzaji huupitisha mitaani asubuhi na mapema, na ni nadra kukuta nyumba ambayo mpishi wake hajui kuupika kwa tui la nazi. Mazoea hayo ndiyo yanayomponza mtu anapopata kwa mara ya kwanza miche michanga ya mchicha, kwa sababu jina ni lilelile na mkono, bila kuulizwa, unaelekea kwenye sufuria. Mimi mwenyewe niliponzeka hivyo. Mara ya kwanza nilipovuna trei nzima ya mchicha mwekundu kibarazani kwangu Tabata, niliitumbukiza miche yote kwenye tui lililokuwa likichemka, nikaikoroga kwa dakika tano kama nilivyozoea, na nilipofunua sufuria nikakuta kijiko kimoja na nusu cha nyuzi zilizopauka zikielea kwenye tui la rangi ya waridi, mithili ya maji ya kwanza ya kufulia kanga mpya. Mama mkwe, aliyekuwa mgeni wetu siku hiyo, alilitazama tui, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, mboga yenyewe iko wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Miche michanga ya mchicha haikuumbiwa sufuria: huliwa ikiwa mibichi, au hutiwa kwenye chakula wakati moto umekwisha kuzimwa na mvuke peke yake ndio unaofanya kazi. Kwa kuwa moto haupo wa kuua vijidudu, usafi unapaswa kuanza mapema zaidi, kwenye mbegu na kwenye maji, na ndiyo maana mwongozo huu unachukua muda kabla ya kufika mezani.

Tunachokizungumzia

Miche michanga ni mchicha uliooteshwa kwa kubanana ndani ya trei na kukatwa ukiwa na urefu wa sentimita 4 hadi 6, wakati majani mawili ya mbegu yamefunguka kabisa na jani la kwanza la kweli ndiyo kwanza linachungulia katikati yake. Isichanganywe na chipukizi, kama zile za choroko, ambazo huoteshwa kwa unyevu mtupu gizani na kuliwa pamoja na mzizi na ganda. Miche michanga hukatwa juu ya udongo, mzizi ukabaki. Tofauti hiyo ina maana jikoni, kwa kuwa joto na unyevu unaoamsha mbegu ndio huohuo unaozalisha bakteria, na kuacha mzizi na ganda nyuma hupunguza hatari hiyo ijapokuwa hakuiondoi.

Kwa ladha, mchicha ni wa ukoo mmoja na bitiruti na spinachi, na katika umri huu undugu huo huonekana wazi: kuna utamu mdogo, kuna harufu ya ardhi iliyonyeshewa, na hakuna ule ukakasi unaobaki kwenye meno baada ya kula mchicha uliokomaa. Shina ni laini lakini hukatika kwa mlio mdogo. Aina nyekundu hupata rangi yake kutokana na betalaini, kundi la rangi ambalo ndilo hilo linalopaka vidole mtu anapomenya bitiruti. Tabia mbili za rangi hiyo zafaa kukumbukwa katika kila pishi litakalofuata. Ya kwanza ni kwamba huyeyuka majini na kuharibika kwa moto, jambo ambalo tui langu lilinionyesha bila kunificha. Ya pili ni kwamba haiogopi uchachu, hivyo ndimu, ukwaju na mtindi vinaweza kuwekwa pamoja nayo na bado ikabaki nyekundu.

Kuchagua mbegu

Hapa ndipo ninapomsihi msomaji asiharakishe. Maduka ya pembejeo ya Kariakoo yanauza pakiti za mbegu za mchicha kwa bei nafuu, na nyingi ni mbegu nzuri, lakini zimeandaliwa kwa ajili ya shamba. Baadhi hutiwa dawa ya kuua ukungu, kama vile thiramu, na hupakwa rangi ili mkulima asije akazila kwa bahati mbaya. Mchicha wa shambani hukaa wiki nne au zaidi na kuongezeka ukubwa mara nyingi kabla haujafika mezani, ilhali miche michanga huliwa baada ya siku kumi, ikiwa imebanana kwenye udongo uleule ulioshika dawa, na mara nyingine ganda la mbegu likiwa bado limening'inia kwenye ncha ya jani. Soma maandishi ya pakiti yote, hata yale madogo ya nyuma. Ukikuta onyo la kutokula mbegu, au ukimwaga mbegu kiganjani ukaziona za waridi, za buluu au za kijani, zirudishe kwenye pakiti na uzitumie bustanini. Mbegu ya mchicha wa majani isiyotiwa kitu ni nyeusi na inang'aa kama kichwa cha pini. Ile ya mchicha lishe, unaolimwa kwa ajili ya mbegu zake, kwa kawaida ni ya rangi ya maziwa.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kuacha mashina matatu au manne ya mchicha bustanini yatoe maua na kukauka, kisha kuyapukuchua juu ya gazeti na kupepeta kwa ungo taratibu, mahali pasipo na upepo, kwa sababu mbegu hizi ni ndogo kiasi kwamba gramu moja ina zaidi ya mbegu 1,000, na pumzi ya mtu anayecheka inatosha kuzipeperusha. Mbegu za mchicha lishe zinazouzwa kwa ajili ya uji nazo hufaa, mradi hazijakaangwa. Kujua kama zina uhai, nyunyiza chache juu ya karatasi laini iliyoloa, funika kwa sahani, na uangalie baada ya siku tatu. Zikichipua zaidi ya nusu, endelea. Zikichipua chache, zipikie uji.

Kuotesha, kwa ufupi

Kazi ya kuotesha haina makubwa, hasa katika jiji lenye joto kama letu, kwa kuwa mchicha hupenda joto na adui yake mkubwa mahali pengine, yaani baridi, hapa hayupo. Chukua trei ya plastiki yenye matundu chini, iweke ndani ya nyingine isiyo na matundu, ujaze mboji iliyoiva vizuri au unga wa makumbi ya nazi kwa kina cha sentimita 3. Samadi mbichi isitumike kabisa. Kwa trei ya sentimita 25 kwa 25, kijiko kimoja cha chai cha mbegu kinatosha, na kichupa cha chumvi chenye matundu huzisambaza vizuri kuliko vidole. Usizifukie. Zikandamize kidogo kwa kiganja, nyunyizia maji mpaka juu pang'ae, kisha funika kwa trei nyingine kwa siku mbili au tatu.

Zikishachipua, ondoa kifuniko na uhamishie trei mahali penye mwanga mwingi na jua la asubuhi tu, kwa maana jua la saa nane mchana linalorudishwa na ukuta wa saruji huibabua miche ndani ya muda mfupi. Mwanga wa kutosha ndio unaoikoleza rangi nyekundu. Miche iliyokaa kivulini hurefuka, hupauka na kulala. Kuanzia hapo mimina maji kwenye trei ya chini, yapande yenyewe. Kila mgeni wa kazi hii hushtuka anapoona utando mweupe kama pamba kwenye mizizi na kudhani ni ukungu: nyunyizia maji, na ukitoweka basi ni vinyweleo vya mizizi, ukibaki ni ukungu kweli. Wakati wa masika, hewa inapokuwa nzito na nguo hazikauki, punguza mbegu kwa robo na uache upepo upite kati ya trei, la sivyo utaamka siku moja ukute sehemu ya miche imelala, mashina yake yakiwa membamba kama uzi pale yanapogusa udongo. Huo ni kinyausi, na miche hiyo haifai kuliwa. Ondoa sehemu hiyo pamoja na udongo wake.

Kukata

Kwa joto la Dar es Salaam miche huwa tayari kati ya siku ya 8 na ya 12, na kuchelewa kwa siku tatu tu kunatosha kuikakamaza. Mwagilia kwa mara ya mwisho jioni ya kuamkia siku ya kukata, ili majani yawe makavu, kisha ukate alfajiri au asubuhi kabla ya saa mbili, wakati shina limejaa maji na bado halijanywea. Kabla ya mkasi kugusa kitu, pitisha kiganja kikavu juu ya miche huku na huko, kwa wepesi kama mtu anayempapasa mtoto kichwani. Maganda meusi yaliyong'ang'ania ncha za majani yatadondoka yenyewe, nawe utaokoa robo saa ya kuyachagua moja moja majini. Shika kishada kidogo, ukate kwa mkasi uliooshwa kwa sabuni, sentimita moja juu ya udongo, na ukilaze juu ya kitambaa safi vichwa vikielekea upande mmoja. Miche iliyokatwa namna hii haichipui tena. Trei hiyo imemaliza kazi.

Kuosha na kukausha

Kachumbari ni chakula tunachokipenda na ambacho kimekwisha kutuponza. Mlipuko wa kipindupindu uliotokea Dar es Salaam kuanzia Agosti 2015 uliwakumbusha wengi kwamba ugonjwa huo husafiri kwa maji na chakula kilichochafuliwa, na kwamba mboga mbichi haina kinga yoyote isipokuwa ile tunayoipa wenyewe. Wapo pia wanaonunua mboga zilizolimwa mabondeni na kumwagiliwa maji ya Mto Msimbazi, mto unaopokea majitaka ya makazi na uchafu wa viwanda. Vijidudu vinaweza kupunguzwa kwa kuosha, lakini madini mazito yakishaingia ndani ya jani hayatoki kwa maji ya aina yoyote. Kwa hiyo, faida kubwa ya kuotesha mwenyewe ni kwamba unajua maji yaliyoingia kwenye shina. Iwapo maji yako ni ya kisima kifupi kilicho karibu na choo, au ni ya gari ambalo hujui lilijaziwa wapi, yachemshe au yatibu kwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, kwa kuoshea na kwa kumwagilia pia.

Osha miche muda mfupi kabla ya kula, si siku ya kukata ukiwa unataka kuihifadhi. Jaza beseni safi maji yaliyochemshwa na kupoa, tumbukiza miche kiganja kimoja kwa wakati, izungushe kwa vidole vilivyotawanyika, kisha uinue juu kwa mikono miwili. Kosa la kawaida ni kumimina maji yote na miche yake kwenye chujio. Mchanga uliokuwa umezama chini ya beseni hurudi juu ya majani, na mlaji huutambua kwa meno. Badilisha maji, urudie mara ya pili. Baada ya hapo itandaze miche katikati ya kitambaa safi cha pamba, kusanya ncha nne za kitambaa kuwa kama mfuko, toka nje, na uuzungushe mkono mara tatu au nne kwa kasi. Maji yatatawanyika na kubaki kwenye kitambaa, nayo miche itatoka ikiwa mikavu bila kupondeka. Watoto wa nyumba yangu hugombania kazi hiyo, nami huwaachia, mradi wasimame mbali na nguo zilizoanikwa.

Miche ya kuhifadhi iwekwe ikiwa mikavu na haijaoshwa, ndani ya bakuli lenye mfuniko lililotandikwa karatasi laini ya jikoni, na iwekwe kwenye jokofu mbali na sehemu ya kugandishia, kwa kuwa mmea huu wa joto huungua kwa baridi kali na majani yake hugeuka kuwa ya kioo. Itakaa siku tatu, pengine nne. Ikianza kuteleza au kutoa harufu, itupe.

Kachumbari

Kwa watu wanne utahitaji vitunguu viwili vya wastani, nyanya nne ngumu, tango moja, pilipili kwa kadiri ya uvumilivu wenu, ndimu moja kubwa, na viganja viwili vya miche. Kata vitunguu vyembamba, vifikiche kwa chumvi, vikae dakika tano, uvioshe na kuvikamua. Ondoa mbegu na maji ya nyanya kabla ya kuzikata, jambo ambalo kwa kachumbari ya kawaida wengi hawajali, lakini hapa lina sababu: chumvi na maji ya nyanya hunyonya maji yaliyomo ndani ya miche, nayo miche huachia rangi, na baada ya robo saa bakuli zima huwa limepakwa wekundu na majani yamelala. Changanya kila kitu isipokuwa miche, kamulia ndimu, onja chumvi. Miche itiwe wakati watu wamekwisha kunawa mikono na kukaa, igeuzwe mara mbili tu kwa uma kutoka chini kwenda juu, na bakuli litoke jikoni papo hapo. Kwenye pilau au mishkaki, hii ndiyo namna ya kuanzia kwa mtu asiyeiamini mboga hii, kwa sababu inamjia ikiwa na marafiki anaowafahamu.

Ndimu ina kazi nyingine mbali na kuchachua. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga za majani hayachukuliwi na mwili kwa urahisi, na vitamini C ya ndimu husaidia yachukuliwe. Chai hufanya kinyume chake, kwa hiyo chai ya rangi ya baada ya chakula, ambayo najua wengi hawawezi kuiacha, ni vyema isubiri walau saa moja.

Mayai na chipsi

Kwa chipsi mayai, utaratibu wa kikaango unabaki uleule mpaka yai limeshika pande zote mbili. Hapo zima jiko, tandaza kiganja cha miche juu ya nusu moja, kunja nusu ya pili juu yake, uhesabu mpaka thelathini, kisha upakue. Mvuke uliofungiwa katikati huilainisha miche nusu tu, upande unaogusa yai ukiwa umelala na katikati bado kukiwa na ule mlio wa kukatika. Niliwahi kumwomba kijana wa chipsi wa mtaani kwetu anifanyie hivyo kwa miche niliyokwenda nayo kwenye bakuli. Aliipokea kwa mashaka, akaikunja ndani ya yai, akaongeza kachumbari na pilipili, halafu akachomoa uzi mmoja ulioning'inia pembeni na kuuonja. "Kaka, hii inanukia shamba," alisema, na sikuweza kujua kama ananisifu au ananihurumia, ingawa alichomoa na wa pili.

Mayai ya kuchemsha nayo hupokea miche vizuri. Yakate nusu, yapake mtindi mzito uliochanganywa na chumvi, pilipili manga na tone la ndimu, uweke juu yake kishada kidogo. Kwa kifungua kinywa cha haraka, chapati ya jana iliyopashwa moto, parachichi lililopondwa kwa ndimu na kiganja cha miche iliyoviringishwa ndani yake vinatosha.

Vyakula vya mchuzi na vya nazi

Hapa ndipo nilipojirekebisha baada ya aibu ya siku ile. Tui na mchicha ni wapenzi wa siku nyingi, na kuna sababu ya kilishe pia, kwa kuwa beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huchukuliwa vizuri inapokutana na mafuta, na tui zito lina mafuta ya kutosha. Kinachobadilika ni mahali pa kukutania, ambapo ni kwenye sahani.

Chukua mfano wa samaki wa kupaka. Changu au kolekole kutoka soko la samaki la Feri huchanjwa, hutiwa tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, huchomwa juu ya mkaa, na tui zito lililopikwa na pilipili na bizari mpaka likawa rojo hupakwa juu yake kwa awamu. Samaki akishatolewa motoni na kulazwa kwenye sinia, mwache dakika mbili apoe kidogo, kisha umwage miche juu ya mgongo wake kwa wingi, kiganja kizima kwa samaki mmoja. Miche inayogusa rojo italainika na kunata. Ile ya juu itabaki wima. Mlaji anapomega samaki hupata vyote viwili kwenye tonge moja, na utamu wa mchicha hukata uzito wa nazi kwa namna ambayo kachumbari peke yake haiwezi.

Kwa maharage ya nazi, supu ya kuku au mchuzi wa kamba, weka miche chini ya bakuli la kila mlaji, mimina juu yake mchuzi wa moto, na umpelekee bila kukoroga. Usiitie kwenye sufuria kuu hata kama familia ni kubwa na bakuli ni nyingi, kwa sababu anayepakua wa mwisho atapata nyuzi zilizopauka. Ugali na dagaa wa kukaanga hupendeza kwa miche iliyonyunyiziwa ndimu na chumvi pembeni ya sahani. Wali wa nazi unahitaji kiasi kidogo tu. Ukiwa mwingi, harufu ya ardhi huifunika harufu ya nazi, nami ningependa hiyo ya pili ishinde.

Chatini ya waridi

Miche iliyoanza kunywea lakini bado haijaharibika ina makao yake, nayo ni chatini. Chukua nusu ya nazi, ikune, uisage pamoja na viganja viwili vya miche myekundu iliyooshwa, pilipili mbuzi moja, punje moja ya kitunguu saumu, maji ya ndimu moja, chumvi, na maji safi vijiko vitatu au vinne vya chakula. Kwenye kinu itatoka ya mikwaruzo, kwenye mashine itatoka laini. Mimi napenda ya kinu. Ule wekundu uliokuwa fedheha ndani ya tui langu hapa unakuwa fahari, kwa kuwa hakuna moto wa kuupausha na ndimu haiudhuru, na nazi nyeupe hugeuka kuwa ya waridi iliyokolea. Ilete mezani pamoja na bagia, kachori, katlesi au mihogo ya kukaanga. Iliwe siku hiyohiyo, maana nazi mbichi iliyosagwa huchacha upesi kwa joto letu.

Wanaopaswa kujihadhari

Mwaka 2012 watafiti wa Marekani, kutoka Chuo Kikuu cha Maryland na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, walichapisha vipimo vya vitamini katika aina 25 za miche michanga, na ni mchicha mwekundu ulioongoza kwa vitamini K1. Hiyo ni habari njema kwa wengi, lakini vitamini K hupunguza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa hiyo anayetumia dawa hiyo asianze kula miche hii kwa wingi kabla ya kuzungumza na daktari wake. Mchicha pia una oksaleti, inayofunga kalsiamu na kuizuia isitumike mwilini, na ambayo huweza kuchangia mawe ya figo. Aliyewahi kuugua maradhi hayo ale mchicha uliochemshwa na kumwagwa maji, si miche mibichi. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wagonjwa ambao kinga yao imeshuka wapewe mboga iliyopikwa, hata kama miche imeoshwa kwa uangalifu wote, kwa sababu kuosha hupunguza vijidudu bila kuvimaliza.

Iliyopita umri

Haitakosekana trei uliyoisahau. Ukikuta miche imefika urefu wa kidole cha kati, majani manne ya kweli yametoka na shina halikatiki tena kwa kucha, usilazimishe kachumbari. Hiyo sasa ni mboga ya sufuria, na kwa kuwa imekonda, unahitaji trei mbili kwa familia ya watu wanne. Kaanga kitunguu na nyanya mpaka mafuta yajitenge, tia tui zito, liache lichemke na kupungua mpaka ling'ang'anie mwiko, onja chumvi, halafu ndipo uweke miche iliyokatwa mara mbili. Geuza kwa dakika moja, usifunike, uipue. Mama mkwe alipokuja mara ya pili nilimpikia hii kwa ugali, nikaweka pembeni kiganja cha miche michanga yenye ndimu. Alikula ya sufuria kwanza, yote, kisha akaivuta ile mibichi karibu na sahani yake, akaanza kuichomoa mmoja mmoja huku akizungumza mambo mengine kabisa.